Kadi ya Damu Pemba: Kutoka Kisiginoni hadi Jibu la Selimundu

Kadi ya damu, yaani karatasi yenye duara za kukaushia matone ya damu ya kisigino, inapokataliwa maabara huwa imeshaharibika kitambo: juu ya meza ya kukaushia, ndani ya mfuko uliofungwa mapema, au kwenye barafu ya sanduku la chanjo. Maelezo haya ni ya wakunga, wauguzi na watu wa maabara wa Unguja na Pemba wanaoanza kuwapima watoto wachanga selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu uitwao pia siko seli. Ni ya wazazi pia, wale ambao mtoto wao ametobolewa kisigino na hawajaelewa ile karatasi imekwenda wapi na jibu lina maana gani. Yanafuata njia ya kazi yenyewe, na pale panapoharibikia mambo zaidi ndipo tulipokaa kwa muda.

Kinachotafutwa ni badiliko la herufi moja ya DNA, maandishi ya urithi, katika jeni ya HBB, kwenye kromosomu ya 11. Pahala pa herufi A pamekaa T, na kwa sababu hiyo asidi ya glutamiki, ambayo ni ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), imekuwa valini. Linus Pauling na wenzake walionesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa, iitwayo S, si sawa na ya wengine, iitwayo A, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaibaini tofauti yenyewe. Lakini mtoto anapozaliwa, himoglobini yake nyingi ni ya aina ya F, ile ya tumboni, isiyokuwa na mnyororo wa beta kabisa. Ndiyo maana mtoto wa selimundu huzaliwa mzima, ananyonya, ananenepa, na bibi yake hakubali katu kwamba pana ugonjwa. F hupungua kidogo kidogo, na karibu na miezi sita ndipo vidole vya mikono na miguu huanza kuvimba na homa kuanza kurudi rudi.

Kwa hiyo kile kipimo cha zamani, cha kutia damu kwenye maji ya dawa na kutazama kama yamefanya ukungu, hakifai kwa kichanga. S yake bado ni kidogo mno, na jibu litatoka hasi la uongo. Kwa mtu mzima nako hakimtenganishi mbebaji, aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu, na mgonjwa. Tumewaona wazazi wanaohifadhi cheti cha "hasi" cha mtoto wa wiki mbili kama hati ya shamba. Cheti hicho hakina kazi.

Damu inaweza kuchukuliwa siku yoyote baada ya kuzaliwa. Kwa himoglobini hakuna haja ya kungoja masaa 24, kama wanavyongoja wanaotafuta magonjwa mengine ya kurithi, na hilo ni nafuu kwetu kwa kuwa mama wengi hurudi nyumbani mapema. Aliyekosekana wodini atapatikana siku ya chanjo. Jambo moja tu ndilo la haraka: mtoto akitarajiwa kuongezwa damu, kadi ichukuliwe kabla. Damu ya mtu mwingine ikishaingia, A ya mchangiaji inaficha kila kitu, na itabidi kungoja miezi mitatu hadi minne hadi seli zile zimalizike. Damu ya kitovu iepukwe ikiwezekana. Tone moja la damu ya mama likichanganyika humo linatosha kumfanya mgonjwa aonekane mbebaji.

Kisigino kipashwe moto kwanza kwa kitambaa cha maji vuguvugu, dakika tatu hadi tano, na mguu uwe chini kuliko kifua. Safisha kwa spiriti ya asilimia 70, kisha ngoja ikauke yenyewe. Toboa pembeni mwa kisigino, ndani au nje, usitoboe katikati wala kwa nyuma, na lanseti isiingie zaidi ya milimita 2, kwani mfupa wa kichanga hauko mbali. Tone la kwanza lifutwe kwa gozi safi, maana limechanganyika na maji ya mwilini. Subiri tone kubwa la pili, ligusishe karatasi upande mmoja tu, liache lijaze duara lote mpaka lionekane kwa nyuma. Duara moja la kadi aina ya 903 hubeba mikrolita 75 hivi. Maabara hukata kipande cha milimita 3.2 na kukichukulia kuwa kina damu ya mikrolita 3. Duara likiwa nusu, au likirudiwa tone juu ya tone, hesabu hiyo imeharibika.

Kukamua kisigino ndiko kunakoharibu zaidi, na hufanywa kwa huruma: mtoto analia, mama ana machozi, muuguzi anataka amalize. Damu iliyokamuliwa hupasuka seli na huja na maji. Ikikauka huacha pete iliyofifia pembeni na kiini cheusi katikati. Spiriti isiyokauka nayo huacha pete kama hiyo. Ni bora kutoboa kisigino cha pili kuliko kukamua cha kwanza, na mama aambiwe hivyo kabla hujaanza, siyo mtoto ameshaanza kulia.

Aina ya kadi ina maana. Ile iitwayo FTA imetiwa dawa ya kuvunja seli ili kuihifadhi DNA. Inafaa kwa kusoma jeni, lakini himoglobini hutoka humo ikiwa imeharibika. 903 ni pamba tupu. Ukiletewa boksi la msaada, soma jina kabla hujaligawa vituoni. Na pakihitajika bomba la damu kwa ajili ya DNA, chukua lenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu heparini, ambayo nayo ni ya kazi hiyo, huzuia PCR, yaani kunakili DNA kwa wingi.

Sasa kukausha. Kadi zilale bapa juu ya chanja, duara zisigusane na kitu juu wala chini, kivulini, mbali na feni inayopuliza moja kwa moja na mbali na dirisha la jua. Kwa uchache masaa matatu hadi manne. Hayo ni masaa ya vitabu, na vitabu vingi vimeandikwa kwenye vyumba vikavu. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 80, acha usiku kucha, katika chumba chenye kiyoyozi kama kipo. Mpemba hana haja ya kufundishwa hili: karafuu iliyotiwa guniani ikiwa bado mbichi hushika joto na kuvunda. Tofauti iko kwenye jua, karafuu inalitaka na damu linaiharibu. Chanja ifunikwe kwa chandarua chepesi, na miguu ya meza iwekwe ndani ya vikopo vya maji, kwa sababu sisimizi hula kadi. Wakishapita usiku, asubuhi unakuta duara lina matundu, na hakuna maabara itakayolipokea.

Kadi iliyokauka sawasawa ina rangi nyekundu iliyokoza, yenye kuelekea hudhurungi, na haiachi alama kwenye kidole chenye glavu. Iliyobaki na unyevu huendelea kugeuka. Chuma kilicho ndani ya himoglobini hushikwa na oksijeni na kuwa methimoglobini, mistari ya mashine inayotenganisha aina za himoglobini inapanuka na kuingiliana, na jibu linakuwa la kubahatisha. Joto huongeza kasi ya hayo yote.

Ile pakiti ndogo ya silika, punje za kunyonya unyevu, huaminiwa kupita uwezo wake. Piga hesabu. Duara tano za mikrolita 75 ni mikrolita 375, na karibu gramu 0.3 ya hiyo ni maji. Unataka hewa ndani ya mfuko ibaki chini ya unyevu wa asilimia 30, na katika hali hiyo gramu moja ya silika hubeba maji ya gramu 0.15 hadi 0.2 tu. Basi kadi mbichi iliyofungwa na pakiti ya gramu moja haikauki. Pakiti inashiba na kadi inabaki na unyevu wake. Silika ni mlinzi wa kadi iliyokwisha kukauka. Weka pakiti mbili kwa kadi moja, tia na kikadi cha kuonesha unyevu, funga mfuko wa zipu huku ukitoa hewa. Kikadi kikionesha zaidi ya 30, fungua ubadilishe pakiti, usingoje siku ya safari.

Silika ya punje yenye rangi ya buluu hugeuka waridi ikishiba. Rangi hiyo ni ya kobalti kloraidi, ambayo inahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kuleta saratani, kwa hiyo isishikwe kwa mikono mitupu na isikae wanapofika watoto. Ile ya machungwa ni afadhali. Punje zilizoshiba hurudishwa kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 120 kwa saa moja hadi mbili. Kuzikaanga kwenye sufuria juu ya mkaa, kama tunavyosikia baadhi ya vituo wakifanya, huunguza rangi. Punje inabaki na sura moja milele, na wewe unaamini ni kavu.

Watu huuliza kama kemia mpya imeleta kitu bora zaidi. Imeleta, ingawa bado haijafika kwenye mfuko wa zipu. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2025 walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa vifaa viitwavyo MOF, ambavyo ni viunzi vya metali vilivyounganishwa kwa viungo vya kaboni, vikiwa na vyumba vitupu ndani yake. Baadhi yake hunywa mvuke hata kwenye hewa ya jangwani na huutoa kwa joto dogo. Kwa kadi ya damu silika inatosha, ni rahisi, na inapatikana. Hatuoni sababu ya kungoja.

Safari ya kwenda maabara huharibu kadi nzuri kwa nia njema. Mtu anaona sampuli, anaitia kwenye sanduku la barafu pamoja na chanjo. Barafu inayeyuka, maji yanaingia, au mfuko unatoka baridini na kufunguliwa bandarini, na jasho la hewa linatua juu ya duara. Kadi kavu haihitaji barafu kwa safari ya siku moja au mbili kutoka Mkoani hadi Unguja. Inahitaji mfuko usiopitisha hewa, bahasha ngumu, na mtu asiyeiacha juu ya sitaha juani. Ikihifadhiwa muda mrefu ndipo huwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ikitolewa isifunguliwe hadi mfuko wote ufikie joto la chumba.

Majina yanahitaji uangalifu kuliko damu. Mtoto wa siku mbili aghalabu hajapewa jina, bado anangojewa siku ya saba. Andika "Mtoto wa" na majina matatu ya mama, shehia, tarehe na saa ya kuzaliwa, uzito, na kama ni pacha, wa kwanza au wa pili. Katika shehia moja unaweza kumkuta Fatma Juma Khamis zaidi ya mmoja. Chukua namba mbili za simu ambazo mama mwenyewe amezichagua. Usimwachie sheha ujumbe wa majibu kwa kuwa ndiye anayejua nyumba. Sheha atakuonesha njia, jibu ni la mama. Na swali la kuongezwa damu liwe na sehemu yake kwenye fomu, ndiyo au hapana, pamoja na tarehe.

Maabara huandika herufi kwa kufuata wingi. FA ni kawaida. FAS ni mbebaji. FS ni mtoto anayetarajiwa kuwa mgonjwa. FSA, S ikiizidi A, inaweza kuwa S pamoja na beta talasemia nyepesi (kasoro nyingine ya kurithi, ambayo mnyororo wa beta hautengenezwi vya kutosha), au mtoto aliyeongezwa damu bila kuandikwa. FS irudiwe kwa sampuli ya pili kabla familia haijaambiwa neno la mwisho, ila penisilini isingoje marudio hayo. Vituo vinavyotumia vipimo vya haraka vya papo hapo viwe macho: kuna aina ambayo mstari ukitokea maana yake himoglobini hiyo ipo, na kuna aina ya kushindania ambayo mstari ukitokea maana yake haipo. Kituo kikibadilishiwa aina na wahudumu wakaendelea kusoma kwa mazoea, wagonjwa na wazima watabadilishana majibu. Bandika picha ya usomaji ukutani, na ile ya aina ya zamani iondolewe siku hiyo hiyo.

Kutoa jibu ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndoa huvunjika. Mtoto ni FS, mama anapimwa ana S, baba anapimwa kwa kile kipimo cha ukungu na kuambiwa hana. Kabla ya magharibi neno limeshafika kwa wakwe. Lakini baba anaweza kuwa mbebaji wa beta talasemia, ambayo kipimo kile hakiioni hata kidogo. Mtoto amechukua S kwa mama na beta isiyofanya kazi kwa baba, na kwenye mashine anaonekana FS vile vile. Visiwa hivi vimepokea watu wa Bara Hindi na Arabuni kwa karne nyingi, na talasemia huko ni ya kawaida, kwa hiyo hili si jambo la kudhania kuwa haliwezekani. Mpime baba himoglobini iitwayo A2: ikizidi asilimia 3.5 na seli zake ni ndogo, jibu umelipata. Pakibaki shaka, jeni ya HBB ni fupi, kama herufi 1,600 hivi, na inaweza kusomwa kutoka kwenye kipande cha kadi ile ile. Mpaka hapo, mwambie mama peke yake, na baba asipimwe mbele za watu. Muhudumu anayetamka "huyu si wa baba huyu" kwa kipimo cha ukungu anasema asichokijua.

La pili la kuelezwa vizuri ni robo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, upya. Wengi huondoka wakiamini kwamba mmoja ameshaumwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Muulize mama arudie kwa maneno yake kabla hajanyanyuka.

Baada ya jibu, mwaka wa kwanza una vitu vichache na vyote vina uzito. Penisilini V mara mbili kwa siku: miligramu 125 mpaka miaka mitatu, kisha 250 mpaka mitano. Chanjo zote, hasa ya nimonia. Mama afundishwe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu ikivimba ghafla mtoto anaweza kupoteza damu yake ndani yake kwa masaa machache. Homa ya nyuzi 38.5 ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, hata kama boda ni ghali. Kojani na visiwa vingine vya namna hiyo, ambako lazima uvuke maji kwanza, familia ipange mapema nani ana chombo usiku.

Weupe wa mtoto huyu hautokani na upungufu wa chuma. Seli zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na chuma chake hurudi kutumika. Anahitaji foliki asidi peke yake. Fefo, ambayo ina chuma ndani, isitumike badala yake kwa kuwa ndiyo iliyopo rafuni. Pemba inalijua hili kwa uchungu: utafiti mkubwa uliofanyika hapa na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba kuwapa watoto wadogo chuma na foliki kwa jumla, bila kupima, katika malaria nyingi za wakati ule, kuliongeza kulazwa na vifo. Chuma kitolewe kwa aliyepimwa akaonekana kimepungua.

Haidroksiyurea ndiyo dawa iliyobadilisha maisha ya watoto hawa, na inafanya kazi kwa kuirudisha F. Jaribio la REACH, lililowatibu watoto 606 Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2019, lilionesha maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo vyote vikipungua. Huanza kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Taabu ni kapsuli, kwani ya kawaida ni miligramu 500, na mtoto wa kilo 12 anahitaji 240. Kliniki nyingi hupanga kwa wiki: kapsuli moja siku moja, siku ya pili kupumzika, na wastani ukawa 250 kwa siku. Anayeifungua kapsuli avae glavu, na mama mjamzito asiishike. Damu hupimwa kila wiki nne mwanzoni. Neutrofili, seli nyeupe za kupambana na maradhi, zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, au chembe sahani, zile za kugandisha damu, chini ya 80,000, dawa husimama kwanza, kisha huanza tena. Mpime uzito kila anapokuja, maana kipimo cha mwaka jana kwa mtoto aliyekua ni kipimo pungufu, na mzazi atasema dawa imezoeleka. Gharama iliyojificha ni safari: nauli ya kuja Chake Chake kila mwezi na siku ya kazi iliyopotea. Kliniki inayotoa dawa za miezi miwili kwa mtoto aliyetulia hupoteza wagonjwa wachache.

Wazazi wenye simu huuliza juu ya tiba ya jeni, na wajibiwe kwa ukweli. Tiba iitwayo Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Seli za uboho hutolewa, sehemu inayoiwasha jeni ya BCL11A, ile inayoizima F, hukatwa kwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA, mgonjwa hupewa busulfani kali ya kusafisha uboho, kisha seli hurudishwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na busulfani inaweza kuondoa uzazi. Haiuzwi kama sindano ya duka la dawa. Anayewauzia hivyo ni tapeli. Oxbryta nayo, dawa ya vidonge ya selimundu, iliondolewa sokoni duniani kote Septemba 2024, kwa hiyo vidonge vilivyobaki kwa ndugu walio ng'ambo visipokewe.

Upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu uko karibu zaidi, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaufanya kwa watoto wa selimundu. Familia inayotaka kuuliza iende na jibu lililorudiwa, orodha ya mara zote mtoto alizoongezwa damu na tarehe zake, na majina na umri wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi moja katika nne ya kuwa na uboho unaolingana na wa mgonjwa. Kila chupa ya damu inayoongezwa bila ulazima huupa mwili sababu ya kumkataa mchangiaji, kwa hiyo orodha hiyo ianze kuandikwa siku ya jibu la kwanza, kwenye daftari moja na tarehe za kliniki.